Kundi la WhatsApp linapokuwa ndugu: mambo ya kufahamu

Kijana akitoka kijijini kwenda Dar es Salaam siku hizi, mara nyingi anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp kabla hajashuka kwenye basi. Shangazi aliyeko Mbagala ameshampa admini namba yake. Akifika anakuta salamu za watu hamsini: karibu mjini, mtoto wa fulani, umefikia wapi?

Wewe uliyebaki nyumbani unaweza kujiuliza: hao ni watu wa kweli au ni maneno ya kwenye simu tu? Mwanangu akiugua kule Chamazi, nani atabisha hodi? Je, mimi mwenye simu ya kitochi nina nafasi gani humo?

Makala hii inaeleza makundi haya ni nini, yametoka wapi, yanafanyaje kazi, na utajuaje kwamba kundi fulani ni lako kweli.

Kwa nini mtu wa mjini anatafuta watu kwenye simu

Dar es Salaam inakua haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakupata nafasi katikati ya jiji. Wamekwenda pembeni, kwenye viwanja na vyumba vya bei nafuu: Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni.

Mitaa ya pembeni ina tabia yake. Jirani amehamia mwaka jana, na wewe umehamia mwaka huu. Anaondoka alfajiri kuwahi daladala na anarudi usiku. Mnaweza kutumia kisima kimoja miezi sita bila kujuana majina.

Mfano unaojulikana ni Mabwepande. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia huko watu waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi, na kuwapa viwanja. Walipata ardhi, lakini majirani waliozoeana kwa miaka mingi wakajikuta wanaanza upya mahali pengine, mbali na soko na mbali na kazi zao. Nyumba hujengwa kwa miezi. Ujirani huchukua muda mrefu zaidi.

Kijijini mtu hajulishwi kwa watu, kwani amezaliwa akijulikana. Ukipita njiani, mzee anajua wewe ni wa ukoo gani na babu yako alilima wapi. Mjini lazima utafute watakaokujua hivyo, na simu imekuwa njia nyepesi ya kuwapata.

Jambo lenyewe si jipya

Simu ni mpya, lakini haja ni ya zamani. Wakati wa utawala wa Waingereza, watu waliohamia Dar es Salaam walianzisha vyama vya watu waliotoka sehemu moja. Wanyamwezi walikuwa na chama chao. Hata Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na Umoja wa Wazaramo. Kazi kubwa ya vyama vya namna hiyo ilikuwa kusaidiana kwenye ugonjwa na kuzikana, maana mtu wa mbali aliogopa kufa mjini akakosa wa kumzika.

Palikuwa pia na utani. Mtu kutoka bara akifiwa pwani, watani zake walikuwa na haki na wajibu wa kufika msibani, kufanya kazi na hata kuwachekesha wafiwa. Katika miaka ya 1960 TANU ikaleta mjumbe wa nyumba kumi, na watu wa mijini wakapata mtu mmoja wa karibu anayejua nani anaishi wapi.

Kwenye intaneti, Watanzania walianza kukusanyika kabla ya WhatsApp kuenea. Jukwaa la JamiiForums lilianzishwa mwaka 2006, na watu wengi huandika humo kwa majina ya bandia. Pale mtu hujulikana kwa hoja zake. WhatsApp, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ilileta kitu kingine: ili uingie unahitaji namba ya simu, na wenzako kwenye kundi wanaiona. Ndiyo maana makundi ya ndugu, majirani na waumini yamehamia huko.

Kitu cha tatu ni pesa kwa simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikawa na huduma zao. Mchango uliokuwa unasubiri mtu wa kwenda nao sasa unafika kwa dakika moja. Kundi la mazungumzo likikutana na pesa ya simu, kinachopatikana ni kile kile chama cha zamani cha kuzikana, ila sasa wanachama wake wako mikoa mitano.

Aina za makundi utakazozikuta

*Kundi la watu wa nyumbani.* Huwa na jina la kijiji, kata au wilaya, na maneno kama "waishio Dar". Linaunganisha waliohama na waliobaki. Hapa ndipo habari za misiba, harusi, mvua na bei ya mazao hupita.

*Kundi la mtaa.* Ni la wakazi wa eneo moja, pengine pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mazungumzo ni maji kukatika, mwizi aliyeonekana, mtoto aliyepotea, taka na ulinzi shirikishi.

*Kundi la ibada.* Kwaya, jumuiya ndogondogo, vijana wa msikiti, akina mama wa kanisa. Wanachama hukutana ana kwa ana kila wiki, na kundi ni la kukumbushana.

*Kundi la waliosoma pamoja.* Shule moja, mwaka mmoja. Hulala miezi mingi, likaamka mmoja akifiwa au akioa.

*Kundi la kazi.* Bodaboda wa kijiwe kimoja, mama lishe, mafundi, wauza mitumba. Hupeana habari za wateja, bei na vibali.

*Kundi la hali moja.* Wazazi wenye watoto wanaougua selimundu, watu wanaoishi na kisukari, wajane. Huyu hatafuti mtu wa kabila lake. Anatafuta mtu ambaye hatamshangaa. Makundi haya huwa madogo, na yanahitaji usiri kuliko mengine yote.

Kundi linafanyaje kazi: siku ya msiba

Ukitaka kujua nguvu ya kundi, litazame siku ya msiba.

Saa kumi alfajiri mtu anaandika: tumempoteza mama yake fulani. Admini mwenye busara hasambazi kwanza. Anampigia ndugu wa karibu kuhakikisha, maana tangazo la kifo lisilo la kweli limewahi kuzirahisha watu. Likithibitika, taarifa kamili inawekwa: marehemu ni nani, msiba uko wapi, mazishi lini, mawasiliano ni nani.

Kisha inakuja orodha. Anayechanga ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini na kuiweka upya. Namba moja fulani elfu kumi, taslimu. Namba mbili fulani elfu tano, ahadi. Ikifika jioni orodha ni ndefu kama daftari la mwalimu. Watu 120 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, ni shilingi 600,000. Fedha kama hiyo ni msaada mkubwa kwa mfiwa anayetakiwa kukodi gari la kupeleka mwili nyumbani.

Lakini pesa ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni watu. Nani yuko karibu na Mbagala aende kukesha? Nani ana turubai? Nani atamchukua mfiwa kazini, maana hawezi kupanda daladala katika hali ile? Kundi linalojibu maswali haya limeshavuka simu. Kundi linaloweka picha za mishumaa na maneno "poleni sana" mara mia mbili, kisha likaendelea na vichekesho, bado halijavuka.

Dalili za kundi ambalo ni lako kweli

WhatsApp inaruhusu kundi moja kuwa na watu hadi 1,024. Wingi huo hauna maana kwamba una ndugu 1,024. Jiulize maswali manne.

Kwanza, nikinyamaza wiki mbili, kuna atakayenipigia? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Watu wako ni wale wanaogundua kwamba hupo.

Pili, kuna watu watatu humo wanaojua ninapoishi, ambao nami najua wanapoishi?

Tatu, siku nikikosa mchango, nitabaki na heshima yangu?

Nne, naweza kuuliza jambo dogo bila kuchekwa?

Kama majibu ni hapana, si lazima utoke. Kundi la habari lina faida yake. Usilichukulie tu kama ukoo, na usitegemee lizae kitu ambacho halijapandwa. Anza na watu wawili au watatu wa humo. Wapigie, wasalimie, nenda kwenye shughuli yao. Wakikujua wao, kundi zima litakujua.

Wanaobaki nje bila kukusudiwa

Kila kundi lina mlango, na kila mlango unamwacha mtu nje.

Wa kwanza ni mwenye kitochi. Mzazi aliyeko kijijini ndiye mwenye kijiji, lakini kundi la kijiji halimo kwenye simu yake. Maamuzi yanafanywa, anaambiwa mwisho. Dawa yake ni kuchagua mtu wa daraja: mwalimu, mwenye duka, au kijana anayeaminika mwenye simu janja, ambaye kazi yake ni kuwasomea wazee yanayowahusu na kurudisha majibu yao. Jambo zito, kama msiba au ardhi ya ukoo, litumwe pia kwa ujumbe wa kawaida au kwa kupiga simu.

Wa pili ni asiyejua kusoma vizuri. Huyu anaweza kurekodi sauti na kusikiliza sauti za wenzake. Kundi lenye wazee liweke taarifa kuu kwa sauti pia.

Wa tatu ni asiye na bando. Picha na video nyingi za kusambazwa zinamla bando mtu ambaye alitaka kujua tu kama mjomba ameamkaje. Kwenye mipangilio ya WhatsApp unaweza kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Fanya hivyo leo.

Wa nne, na huyu ndiye anayeumia kimyakimya, ni aliyeishiwa. Amepoteza kazi, na jina lake halionekani kwenye orodha mara tatu. Anaona aibu. Siku moja anatoka kwenye kundi. Ametoka wakati ule ule anaowahitaji. Makundi mengine humsukuma kabisa kwa kuweka hadharani majina ya wasiochangia, au kusema kwamba asiyechanga hatazikwa na wenzake.

Mzee wa zamani hakufanya hivyo. Asiye na pesa alileta kuni, alichota maji, alichimba kaburi. Kundi la leo liweke nafasi hiyo: asiye na mchango wa fedha aje na nguvu, na jina lake liandikwe kwenye orodha hiyo hiyo. Ukiona mtu ametoka, usimuulize mbele ya watu. Mpigie jioni umjulie hali.

Hatari, na namna ya kujikinga

Penye kuaminiana, tapeli naye hupita.

*Namba ya mchango iliyobadilishwa.* Ujumbe unakuja: ile pesa tuma kwenye namba hii. Kabla ya kutuma, mpigie mweka hazina kwa namba unayoijua. Unapotuma, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwa namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti namba za matapeli. Ukipiga *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

*Tarakimu sita.* Mtu anakuandikia, pengine kwa jina la ndugu yako, akisema ametuma namba kwenye simu yako kwa bahati mbaya, umrudishie. Hizo tarakimu sita ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, anaingia kwa jina lako na kuanza kuwaomba pesa watu wa kundi lako. Usimpe mtu yeyote. Weka pia namba ya siri ya hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti.

*Kuingizwa usikokujua.* Tangu mwaka 2019 unaweza kuchagua nani anaruhusiwa kukuingiza kwenye kundi. Nenda kwenye mipangilio, kisha faragha, kisha vikundi, na uchague watu walio kwenye orodha ya majina yako tu.

*Habari za uongo.* WhatsApp ilipunguza usambazaji mwaka 2019: ujumbe mmoja hausambazwi kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Mwaka 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawekewa mpaka wa mazungumzo moja moja. Ukiona alama ya mishale miwili, jua ujumbe huo umepita mikono mingi, na aliyeuanzisha hujui ni nani. Kumbuka pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha au kudhuru, kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. "Nimesambaza tu" si ngao ya kutegemea.

*Siri za watu.* Picha ya mgonjwa kitandani, majibu ya hospitali, kitambulisho cha mtu: hivi si vya kundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na hata bila sheria, mgonjwa ni mtu wa watu. Omba ruhusa yake kwanza.

*Kutegemea intaneti peke yake.* Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za baharini iliyumbisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa na watu wake kwenye WhatsApp tu aliwakosa. Andika namba kumi muhimu kwenye daftari la karatasi, uliweke pale linapowekwa daftari la kliniki.

Ukitaka kuanzisha kundi, au kulitengeneza lililopo

1. Semeni kazi yake kwa sentensi moja. Mfano: kusaidiana kwenye ugonjwa, msiba na harusi. Siasa na biashara ziwe na mahali pake pengine.

2. Wekeni admini wawili au watatu, angalau mmoja akiwa anaishi kijijini, ili kundi lisiwe la watu wa mjini wanaowaamulia wa nyumbani.

3. Tenganisheni admini na mweka hazina. Anayeshika pesa asiwe ndiye anayefuta ujumbe.

4. Kila mchango ufuatwe na hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Iwekwe ndani ya wiki moja baada ya shughuli, na isomwe kwa sauti kwa wasio na simu janja.

5. Mkianza kuwekeana akiba na kukopeshana, mmeshakuwa kikundi cha fedha kama kikoba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, na hilo hufanyika kupitia halmashauri. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

6. Wekeni saa za kunyamaza usiku, isipokuwa kwa dharura.

7. Mgeni akiingia, aliyemleta amtambulishe: ni nani, mtoto wa nani, anaishi wapi. Hii ni salamu, na pia ni ulinzi.

8. Kutaneni uso kwa uso, hata mara moja kwa mwaka. Wa Mbagala na wa Bunju wakutane mahali pa katikati, na sikukuu wanaorudi nyumbani wakutane na waliobaki.

Kwa wewe uliyeko nyumbani

Mzazi mwenye mtoto Dar es Salaam, usiulize tu kama amepata kazi. Muulize: ukiugua usiku, utampigia nani? Akitaja jina la mtu na mtaa anaoishi, ana watu. Akitaja jina la kundi peke yake, mwambie jioni hiyo amtafute mmoja wao aliye karibu, aende kumsalimia. Na wewe mwombe namba ya huyo mtu, uiandike kwenye daftari.